Usiuamini Mstari wa C: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wanaoshika Kingamwili Zenye Mzigo Mkoani Rukwa

Maagizo haya ni ya mtumishi wa zahanati za Muze na Mtowisa, wa kituo cha afya Laela, wa Matai, Namanyere na Kirando, wa stoo ya wilaya na wa maabara pale Sumbawanga mjini. Yanahusu vitu viwili vya ukoo mmoja. Cha kwanza ni kaseti ya mRDT, inayopima malaria kwa tone la damu, na hiyo ipo kila zahanati. Cha pili ni chupa ndogo ya dawa ya saratani ambayo mgonjwa wetu wa saratani ya titi anaweza kuandikiwa akishapewa rufaa kwenda Mbeya au Ocean Road.

Vyote viwili ni kingamwili iliyofungwa mzigo. Ndani ya kaseti mzigo ni chembe za dhahabu, na ndizo zinazochora ule mstari mwekundu. Ndani ya chupa mzigo ni sumu ya kuua seli za saratani. Kingamwili inajua pa kwenda, mzigo unafanya kazi ikishafika. Na vyote viwili huharibika bila kubadilika sura. Mbegu ya mahindi iliyopikwa na joto ghalani haionyeshi kasoro mpaka siku ya kuota, na kaseti ni hivyo hivyo, ila hapa anayelipia ni mtoto mwenye homa. Kwa hiyo anayeshika vitu hivi hana ruhusa ya kukisia.

USIUAMINI MSTARI WA C

Hili ndilo la kwanza. Mtumishi anaona mstari wa C, ule wa udhibiti, umetokea, na wa T, ule wa malaria, haukutokea, anaandika hakuna malaria, anaita anayefuata. Anadhani C imemthibitishia kwamba kipimo ni kizima. Haikumthibitishia hilo. Imemwambia jambo dogo zaidi: kimiminika kimepita kwenye utepe na dhahabu imefika mwisho.

Tazama kinachotokea ndani. Damu ikiwekwa shimoni na bafa ikadondoshwa, kimiminika hupita kwanza kwenye kipande kilichokaushiwa kingamwili zenye dhahabu. Kingamwili hizo hushika HRP2, protini ambayo kimelea cha Plasmodium falciparum huimwaga kwenye damu. Zikishaishika, husafiri nayo mpaka mstari wa T. Pale zipo kingamwili nyingine, zilizobandikwa kwenye utepe tangu kiwandani, nazo huidaka HRP2 ile ile kwa upande wake mwingine. Dhahabu hukusanyika, mstari huonekana. Dhahabu iliyobaki huendelea mpaka C, na pale imewekwa kingamwili ya tatu ambayo haina habari na malaria. Kwa aina nyingi za vipimo, hiyo hudaka kingamwili yoyote iliyobeba dhahabu, iwe imekutana na HRP2 au haijakutana nayo.

Basi joto likiziua kingamwili za T na kuziacha za C, kaseti itakupa C nyekundu iliyokolea, pamoja na jibu la uongo. Mtoto atarudishwa kijijini na vimelea vyake, na rejista itaonyesha kwamba kazi ilifanyika.

C isipotokea, tupa kaseti hiyo, rudia kwa nyingine. C ikitokea, unaruhusiwa kusoma jibu. Huruhusiwi kuacha kufikiri.

JUA KILICHOPIMWA KABLA SANDUKU HALIJAKUFIKIA

Ubora wa kaseti hauanzii Sumbawanga. Kiwandani, chembe za dhahabu zenye upana wa makumi machache ya nanomita huelea kwenye maji, na maji hayo huwa mekundu. Fundi huongeza kingamwili, nazo hujipaka juu ya chembe. Atajuaje kama zimetosha? Anachota kidogo, anatia chumvi. Kingamwili zikiwa zimefunika chembe vizuri, rangi hubaki nyekundu. Zikiwa pungufu, chumvi huzifanya chembe zishikane mabonge, na wekundu hugeuka buluu mbele ya macho yake. Baada ya hapo mashine ya kupima mwanga huangalia kilele cha rangi, ambacho kwa dhahabu nzima huwa karibu na nanomita 520 hadi 530. Kilele kikisogea, kuna mabonge, na beseni zima halifai kwenda kukaushwa. Kazi hii hurudiwa kila mkupuo. Anayeiruka hatagunduliwa na mtu wa Rukwa kwa kutazama pakiti.

Dawa ya saratani hudai zaidi. Pale swali la kwanza ni kila kingamwili imebeba molekuli ngapi za sumu. Trastuzumab emtansine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hubeba wastani wa 3.5 hivi. Trastuzumab deruxtecan hubeba karibu 8. Huo ni wastani tu, kwani ndani ya chupa moja ya dawa za jamii hii kunaweza kuwa na kingamwili isiyobeba kitu na nyingine iliyolemewa. Isiyobeba haiui seli kama inavyotakiwa. Iliyolemewa inaweza kushikana mabonge na kuondolewa mwilini mapema. Ndiyo maana kiwanda hupitisha dawa kwenye safu za kuchuja za namna kadhaa: moja hutenganisha kwa wingi wa mzigo, nyingine kwa ukubwa ili mabonge yajitokeze, nyingine husaka sumu iliyochomoka na kuelea peke yake. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu sumu isiyo na kingamwili haichagui seli ya kuua.

Anayeagiza anunue kilichosajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, na kwa kaseti, kilichopita uhakiki wa WHO. Kati ya 2008 na 2018 WHO na taasisi ya FIND zilipima vipimo hivi kwa raundi 8. Kipimo kilitakiwa kigundue angalau asilimia 75 ya sampuli zenye vimelea 200 tu kwa kila mikrolita ya damu. Kaseti ziliwekwa pia kwenye joto la nyuzi 35 na nyuzi 45, pamoja na unyevu mkali, kwa muda wa miezi 2, kisha zikapimwa upya. Zipo zilizostahimili na zipo zilizoanguka. Bei nafuu isiyo na rekodi ya namna hiyo si nafuu.

USIPANGE STOO YA BONDENI KAMA STOO YA SUMBAWANGA

Mkoa wetu una hali mbili za hewa, na mpango mmoja wa ugavi hautoshi. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800, Ziwa Tanganyika liko chini kidogo ya hapo. Sanduku lililotoka Mbeya likapita Tunduma na Laela hulala Sumbawanga kwenye ubaridi, halina shida. Kesho yake linateremka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Muze, au linashuka kuelekea Kasanga, na kwa mwendo wa saa chache limebadilishiwa dunia. Na huko chini kwenye joto ndiko malaria iliko nyingi. Kaseti inahitajika zaidi mahali inapoharibika upesi zaidi.

Soma namba iliyoandikwa kwenye boksi. Nyingi huandikwa mwisho nyuzi 40, nyingine huandikwa 30. Iliyoandikwa 30 usiipeleke kwenye stoo ya mabati bondeni mwezi wa Oktoba ukaiacha huko miezi sita. Peleka kidogo kidogo, ya mwezi au miezi miwili, akiba ibaki juu. Uwanda wa Ufipa umetupa stoo ya ubaridi isiyolipiwa umeme, na kutoitumia ni uzembe wa mpangaji.

Pima joto la stoo kwa kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, na uandike vyote viwili kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kusoma saa mbili asubuhi peke yake ni kujidanganya, kwa kuwa joto linaloua kingamwili huja saa nane mchana wakati mwenye stoo yuko kwingine. Karatasi ibandikwe ukutani, palipo wazi. Mkaguzi akifika aione kabla hajaomba.

Njiani ni hatari kuliko stooni. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hupita nyuzi 50 bila taabu. Usiache boksi garini wakati dereva anakula. Usiliweke kwenye dashibodi, wala juu ya keria chini ya turubai jeusi. Bodaboda ikitumika, iondoke alfajiri, na boksi lifungwe mbali na injini na ekzosi.

Nayo baridi isipuuzwe. Kaseti haigandishwi. Asubuhi za Juni na Julai uwandani, kaseti na bafa vilivyolala kwenye chumba chenye baridi kali vipewe muda wa kufikia joto la kawaida kabla pakiti haijachanwa. Ukichana ya baridi, unyevu wa hewa hutulia juu ya utepe, na bafa baridi hutembea polepole kuliko saa yako.

PAKITI

Chana pakiti mgonjwa akiwa ameshakaa mbele yako. Usichane kumi za asubuhi ili kurahisisha kazi. Kabla ya kuchana, bonyeza pakiti uone kama ina tundu. Ukishachana, tafuta kifuko cha kukausha unyevu. Kama ni cha aina inayobadili rangi na rangi imebadilika, usitumie kaseti hiyo hata kama tarehe ya mwisho ni ya mwakani. Tarehe ile ilihesabiwa kwa pakiti kavu iliyotunzwa chini ya joto lililoandikwa.

DAMU, BAFA NA SAA

Hapa sina maneno mengi, kwani kila kisanduku kina karatasi yake.

– Fuata karatasi ya aina uliyonayo leo. Ipo aina inayotaka matone 2 ya bafa, ipo inayotaka 4. Mazoea ya aina ya mwaka jana huharibu kipimo cha mwaka huu.

– Usiazime bafa ya boksi jingine. Usitumie maji ya bomba, maji ya dripu wala maji yaliyochujwa badala yake. Bafa si maji. Ina chumvi na sabuni zilizopimwa, na ukiibadilisha, dhahabu inaweza kushika pasipotakiwa na kukuchorea T kwa mtu asiye na malaria.

– Jaza damu mpaka alama, isizidi. Damu nyingi hufanya utepe uwe mwekundu wote usisomeke.

– Washa saa. Usisome mapema kwa sababu foleni ni ndefu, wala usirudi baada ya muda ulioandikwa kupita. Mstari unaojitokeza kaseti ikishakauka si jibu.

– Mstari hafifu wa T, ukisomwa ndani ya muda wake, ni mstari. Usimuulize mama kama anauona.

USIMALIZANE NA MGONJWA KWA SABABU KASETI IMESEMA HAPANA

Mtoto aliyelegea, anayedegedeka, asiyeweza kunyonya, hapimwi mara moja na kuachwa. Vimelea vikiwa vingi mno, HRP2 hufurika na kuzijaza kingamwili za pande zote mbili kila moja kivyake. Zinakosa kushikamana, na mstari wa T hufifia au kutoonekana. Yaani mgonjwa mahututi kuliko wote ndiye anayeweza kupata jibu hafifu kuliko wote. Fanya kipimo cha hadubini, tafuta chanzo kingine cha homa, anza huduma ya dharura na mpe rufaa.

Kinyume chake, usitumie mRDT ya HRP2 kuangalia kama dawa imeponya. Protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyemaliza dawa ya malaria, ALu, vizuri juzi bado atakuonyesha T, na ukimpa dawa tena utakuwa umetibu mabaki. Hapo ni hadubini.

Kisha kuna jambo ambalo kila maabara ya mkoa lazima ilijue. Vimelea vingine vimepoteza jeni ya kutengeneza HRP2. Kwa hivyo kaseti nzima kabisa haitaviona. Jambo hili liliripotiwa kutoka Peru mwaka 2010, na mwaka 2016 Eritrea ikagundua limekithiri kwake kiasi cha kulazimika kubadili aina ya kipimo. WHO inapendekeza nchi ibadilishe kipimo pale majibu ya uongo yanayotokana na upungufu huo yanapozidi asilimia 5. Uchunguzi wa mwaka 2021 Tanzania Bara uliukuta kwa nadra. Nadra haina maana kwamba tulale: mgonjwa ambaye kaseti imemkataa na hadubini ikamkubali aandikwe kipekee, slaidi yake itunzwe, na taarifa ifike kwa mratibu wa malaria.

KILA BACHI IPIMWE NA KUFUATILIWA

Bachi mpya ikifika wilayani, maabara ichukue kaseti chache na izijaribu kwa damu ambayo majibu yake yanajulikana kwa hadubini: yenye vimelea vingi, yenye vichache, na isiyo na kitu. Ile yenye vichache ndiyo yenye maana. Kaseti iliyodhoofika bado itaona vimelea vingi. Itashindwa kwenye vichache. Kisha kaseti nyingine za bachi hiyo hiyo ziachwe kwenye stoo ya joto kuliko zote, iwe Mtowisa au Kasanga, na baada ya miezi michache zirudishwe kupimwa kwa namna ile ile.

Katika rejista, namba ya bachi iandikwe kando ya kila jibu. Kama rejista yenu haina safu hiyo, ichoreni kwa rula. Mwisho wa mwezi hesabuni ni watu wangapi kati ya waliopimwa kwa kila bachi walikutwa na malaria. Kiwango kikiporomoka ghafla bondeni katikati ya masika, na zahanati jirani yenye bachi nyingine haikuporomoka, msishangilie. Ipelekeni kaseti maabara kwanza. Nimeona ripoti zinazosifu kushuka kwa malaria bila mtu kuuliza kipimo kilikuwa kimelala wapi, na nasema wazi kwamba ripoti ya aina hiyo haifai kupelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

KWA CHUPA YA SARATANI

Wachache hapa wataishika, lakini mgonjwa hurudi nyumbani na karatasi zake, na ndugu hutafuta dawa kila mahali.

Usifupishe jina. Trastuzumab ni kingamwili tupu. Trastuzumab emtansine ni kingamwili hiyo hiyo iliyobebeshwa sumu, na dozi yake ni miligramu 3.6 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki 3. Trastuzumab tupu ikitolewa kwa ratiba hiyo ya wiki 3 huanza na miligramu 8 kwa kilo, kisha 6. Anayempa mgonjwa trastuzumab emtansine kwa dozi ya trastuzumab tupu anaweza kumuua. Andika jina zima, kwa herufi zinazosomeka, na msomee mwenzako kwa sauti kabla ya kuchanganya. Trastuzumab deruxtecan ni dawa ya tatu, yenye dozi yake.

Usichanganye trastuzumab tupu wala trastuzumab emtansine kwenye dripu ya dekstrosi ya asilimia 5. Hizo mbili hushikana mabonge humo. Usiitikise chupa, izungushe taratibu. Itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8, isigande. Iliyoganda njiani haifai hata kama imeyeyuka na kuonekana safi.

Na usimruhusu ndugu wa mgonjwa kununua kutoka kwenye begi la msafiri, hata msafiri huyo awe jamaa. Mwaka 2017 WHO ilitoa tahadhari kuhusu Avastin na Sutent bandia zilizokutwa Uganda, jirani zetu hawa. Avastin ni kingamwili ya saratani. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya India ilitahadharisha juu ya Adcetris bandia, na hiyo ni kingamwili yenye sumu hasa, ya jamii tunayoizungumzia. Huwezi kuitambua bandia kwa kuitazama kwenye mwanga wa dirisha. Risiti ya duka lililosajiliwa, namba ya bachi na kumbukumbu ya ubaridi tangu bandarini: kimoja kikikosekana, dawa isichomwe.

UKISHUKU BACHI

Simamisha matumizi siku hiyo hiyo. Usisubiri kikao cha mwezi. Tenga kaseti zote za bachi hiyo, zifunge pamoja, ziandike kwa kalamu ya wino mzito zisitumike, lakini ziache kwenye joto lile lile la stoo ili atakayezipima akute hali halisi. Usizichome moto, usizitupe shimoni, kwa sababu bila kaseti hakuna ushahidi. Hifadhi boksi, karatasi ya maelekezo, bafa na karatasi ya joto ya ukutani. Toa taarifa kwa mratibu wa maabara wa wilaya na kwa ofisi ya kanda ya TMDA iliyoko Mbeya, ukitaja bachi, idadi iliyobaki, tarehe ilipofika na njia iliyopita.

Kisha piga simu kwa vituo vyote vilivyogawiwa bachi hiyo, ukianza na vya bondeni na vya mwambao wa ziwa. Fungua rejista, orodhesha watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa kwayo wiki hiyo wakaambiwa hawana malaria. Mhudumu wa afya wa kijiji awafuate nyumbani, na wenye homa warudi siku hiyo kupimwa kwa hadubini.